Majogoo Wamezidi Kambini: Wapelekwe Wapi?

Katika kota za polisi na makambi ya jeshi nchini Uganda si ajabu kumkuta mke wa askari, au askari mwenyewe aliyetoka zamu, akiwamwagia kuku punje za mahindi nyuma ya nyumba. Ufugaji huo mdogo una faida kubwa: mayai hupatikana bila kungoja mwisho wa mwezi, na mgeni akifika ghafula kitoweo kipo. Lakini kila afugaye kuku katika eneo dogo hufikwa na tatizo moja, nalo ni wingi wa majogoo.

Chanzo chake ni maumbile. Kuku aatamiapo kwa siku 21 na kutotoa vifaranga 10, mfugaji atazamie kuwa watano au karibu ya hapo watakuwa madume. Mwanzoni wote hufanana. Wakitimiza wiki 6 hadi 8, undu wa dume huanza kuwa mkubwa na mwekundu kuliko wa jike, na afikiapo miezi 4 au 5 pora huyo huanza kuwika. Hapo ndipo manung'uniko ya majirani huanza, hasa ya askari aliyekesha lindoni, ambaye kitanda chake na banda la jirani vimetenganishwa na ukuta mmoja tu.

Wanajeshi watapendezwa kusikia kuwa kuwika nako kuna nidhamu yake. Mwaka 2015 wataalamu wa Japani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya majogoo waliowekwa pamoja. Waligundua kuwa alfajiri jogoo mwenye cheo cha juu ndiye awikaye kwanza, kisha wa chini yake hufuata, mmoja baada ya mwingine kwa kadiri ya vyeo vyao. Mkubwa akiondolewa, wa pili hushika amri. Kwa hiyo mwenye majogoo watano asidhani kuwa akimwondoa mpiga kelele mmoja atapata usingizi.

Kelele, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya shida. Jogoo mmoja hutosha mitetea wapatao 10. Wakiwapo watatu kwa mitetea sita, mitetea hao hawapati raha: hupandwa mara kwa mara, manyoya ya mgongoni hunyofoka, ngozi hupasuliwa na kucha, na kuku mwenye hofu hula kidogo na kutaga kidogo. Majogoo wenyewe hupigana hata kutoana macho. Tena wako wengi waaminio kuwa pasipo jogoo hakuna yai. Sivyo. Mtetea hutaga bila jogoo. Jogoo ahitajiwa kwa vifaranga tu. Na katika joto letu, yai lisilo na mbegu ya jogoo hukaa muda mrefu zaidi bila kuharibika. Familia itakayo mayai ya kula pekee yaweza kuishi bila jogoo hata mmoja.

Basi hao waliozidi wapelekwe wapi? Tuseme bila kuzunguka: wengi wao mahali pao ni chunguni, na hakuna aibu katika hilo. Atakaye kuuza afadhali angoje siku za kukaribia Krismasi au Idd, mradi chakula atakachowalisha kwa kungoja kisile faida yote. Yako pia mahitaji ya mila. Kwa Waganda, siku ya kutambulishwa kwa wazazi wa binti, bwana arusi humpa shemeji yake, kaka wa bibi arusi, jogoo, na jogoo huyo hawezi kuwa kinyonge wa kuokotwa njiani. Mwenye majogoo wazuri akiwaarifu majirani mapema, hatakosa kijana wa kumbishia hodi.

Lakini aliye bora kuliko wote, mwenye kifua kipana, miguu iliyonyoka na afya tangu udogoni, ni hasara kumchinja. Huyo yafaa apelekwe kwa mfugaji mwingine kwa kubadilishana. Jogoo akikaa banda moja miaka mingi huishia kuwapanda binti zake mwenyewe, na kizazi hudhoofu. Serikali ya Kenya iliona manufaa ya mpango huo: kuanzia mwaka 1976, kwa msaada wa Uholanzi, iliendesha mradi wa kuwapa wanavijiji majogoo wa aina bora na kuwaondoa wale wa kienyeji. Si wote kati ya wageni hao waliostahimili maisha ya kujitafutia chakula kijijini. Ndiyo sababu jogoo aliyekulia kambini kwa kuparura jalalani aweza kumfaa mwanakijiji kuliko yule wa kizungu. Jogoo atokaye kambini kwenda kijijini ni ujirani mwema. Jogoo aletwaye kituoni na mtu mwenye kesi ana jina jingine, na kila askari analijua.

Hapa pana hatari kubwa. Ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, husafiri pamoja na kuku wahamishwao, na huweza kumaliza mabanda ya kota nzima kwa siku chache. Kuku aweza kuonekana mzima naye tayari anao. Askari apatapo barua ya uhamisho na kutakiwa kuondoka kesho, huwagawa kuku wake kwa haraka huku na huko, na hivyo huwagawia wenzake msiba. Dawa ya kuuponya haipo, chanjo ipo. Ile iitwayo I-2, iliyotayarishwa kwanza Australia, huvumilia joto kuliko chanjo nyingine na hutiwa tone moja katika jicho, kila baada ya miezi 3 au 4. Jogoo wa kugawiwa achanjwe wiki mbili au tatu kabla ya safari. Asafirishwe katika tenga lenye hewa, wala asining'inizwe kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli. Uganda inayo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na polisi hawapaswi kuwa wa kwanza kuivunja.

Ampokeaye amtenge kwa wiki mbili hata tatu, mbali na kuku wake, na chombo chake cha maji kiwe peke yake. Jogoo wa zamani aondolewe kwanza, la sivyo damu itamwagika siku ya kwanza. Kisha mgeni aingizwe bandani usiku, kuku wakiwa wamelala. Wala mfugaji asiwawekee mitetea mayai ya kuatamia mara moja, kwani mbegu ya jogoo wa zamani hubaki ndani ya mtetea kwa muda wa wiki mbili na zaidi. Avumilie wiki tatu, ndipo vifaranga watakaotoka watakuwa wa huyu mpya.