Kuzima na Kukomaza: Uimarishaji wa Aloi za Alumini na Shaba na Suala la Istilahi

1.0 Utangulizi

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyounganisha bara na pwani, na majembe ya chuma yaliyofuliwa bara yalikuwa miongoni mwa bidhaa za biashara hiyo. Msamiati wa uhunzi katika Kiswahili, kama vile kufua, fuawe, mivukuto na kuzima, umejengeka juu ya chuma. Makala haya yanaeleza jinsi aloi za alumini na shaba zinavyoimarishwa kwa joto, na kuonyesha mahali ambapo msamiati huo unapotosha.

2.0 Mchakato

Feleji yenye kaboni ya kutosha, ikipashwa moto hadi iwe nyekundu kisha ikazimwa majini, huwa ngumu papo hapo. Aloi ya alumini yenye shaba asilimia 4 haiko hivyo. Hupashwa moto hadi karibu nyuzi 540 za sentigredi, bila kuyeyuka, ili atomu za shaba zitawanyike ndani ya fuwele za alumini. Ikizimwa ghafla, shaba hukosa wasaa wa kujitenga, ikanaswa humo kwa wingi kuliko alumini baridi inavyoweza kuihifadhi. Wakati huo aloi bado ni laini.

Nguvu huja baadaye. Aloi ikiachwa siku kadhaa katika hali ya kawaida, au ikipashwa nyuzi 130 hadi 190 kwa saa kadhaa, atomu za shaba hukusanyika katika vitabaka vidogo mno vinavyozuia matabaka ya fuwele kuteleza. Muda ukipitiliza motoni, vitabaka hivyo hugeuka chembe kubwa zilizo chache, nafasi baina yake hupanuka, na aloi hulegea tena.

Tabia hiyo iligunduliwa Ujerumani na Alfred Wilm mwaka 1906. Mwaka 1938 André Guinier na George Preston, kila mmoja kivyake, walivitambua vitabaka hivyo kwa eksirei.

3.0 Suala la istilahi

Lugha za Ulaya huiita hatua hii ya pili kuzeeka. Tafsiri sisisi, yaani kuzeesha, haifai, kwani uzee katika Kiswahili hudokeza kupungua kwa nguvu. Neno mwafaka ni kukomaa. Mpwani anajua kuwa dafu huwa koroma, na koroma ikawa nazi. Nyama yake hukazana kwa muda tu. Hivyo panaweza kutofautishwa kukomaa kwenyewe, kukomazwa kwa moto, na kupitiliza.

4.0 Hitimisho

Istilahi hapa si pambo. Mwanafunzi anayedhani kuzima ndio mwisho wa kazi atakitumia kifaa kikiwa bado laini. Na asiyejua kupitiliza atakidhoofisha kwa kukilehemu. Aidha, shaba inayoipa aloi nguvu huipunguzia ustahimilivu wa chumvi. Kwa hiyo, kwa vyombo vya bahari kati ya Kunduchi na Bagamoyo, alumini yenye magnesi hufaa zaidi, ingawa hiyo haikomazwi kwa njia hii.