Karatasi Iliyoganda Juu ya Mbao

Katika mtaa wa Muthangari na viunga vyake vya Lavington, magharibi ya jiji la Nairobi, si mbali na mashamba ambayo mapadri wa Kifaransa wa misheni ya St. Austin's, iliyoanzishwa mwaka 1899, waliyapanda kahawa, nyumba za zamani zenye bustani pana hubomolewa moja baada ya nyingine ili kuyapisha maghorofa. Na kila inapobomolewa nyumba hutolewa humo milango, makabati, meza na vipande vya sakafu vya mbao ngumu, ambavyo huuzwa kwa maseremala na kwa wachuuzi wa vitu vilivyokwisha tumika. Vitu hivyo ni nadra kumfikia mnunuzi vikiwa safi. Mtoto wa meza huwa na gazeti lililotandikwa miaka mingi hata likashikamana na bao. Mlango wa kabati huwa na vibandiko vya watoto. Na juu ya meza huwa pana utepe wa gundi ulioachwa na wahamishaji.

Aghalabu mtu akiona taka hiyo hushika kisu. Hilo ndilo kosa, kwa kuwa chuma hakichagui baina ya gundi na ngozi ya mbao, nayo ngozi hiyo, yaani vanishi, ndiyo mali inayostahili kuhifadhiwa. Wazee wetu wa pwani waliijua thamani yake, kwani katika karne ya 19 sandarusi, yaani utomvu mgumu wa mti, iliyochimbwa ardhini katika pwani ya Mrima na kukusanywa Unguja ilisafirishwa hadi mji wa Salem, huko Marekani, kwa ajili ya kazi ya vanishi. Gundi ni mgeni aliyekuja juu ya vanishi, na mgeni huondolewa kwa hikima pasipo kuibomoa nyumba.

Hikima yenyewe yaanza kwa kumtambua mgeni. Gundi za kale, kama uji wa unga wa ngano, gundi ya ngozi na mifupa, na ile inayotoka katika migunga ya Turkana na Samburu, ambayo zamani ilipakwa nyuma ya stempu, zote hulegea kwa maji ya uvuguvugu. Gundi nyeupe ya maseremala, ambayo asili yake ni ugunduzi wa Mjerumani Fritz Klatte mwaka 1912, hulainika kwa joto, na ikirowekwa kwa maji au siki hurudia weupe wake ikawa rahisi kukwanguliwa. Gundi ya utepe angavu wa kunata, ambao Richard Drew aliutoa Marekani mwaka 1930, na ya vibandiko vya bei, ambavyo Stanton Avery alianza kuvitengeneza mwaka 1935, haikauki wala haijali maji, bali husalimu amri kwa mafuta, kwa sababu mafuta hupenya ndani yake na kuuvunja mnato. Ama gundi ya washona viatu na ile ya matone iumayo vidole, hizo hutaka tina au asetoni, nazo dawa hizo ni kali kuliko ugonjwa.

Baada ya kuitambua gundi, yakupasa kuitambua vanishi. Chagua mahali pasipoonekana, kama upande wa chini wa meza, uguse kwa pamba iliyotiwa spiriti. Pakinata, hiyo ni shelaki, ambayo hupatikana sana katika samani za zamani, nayo huchukia spiriti na huweka doa jeupe ikikaliwa na maji. Pasiponata kwa spiriti lakini pakayeyuka kwa tina, hiyo ni laka, ambayo mafundi hupenda kuipulizia kwa kuwa hukauka upesi. Ikiwa haikushindwa na yoyote katika hizo mbili, basi ni vanishi ngumu, nawe waweza kufanya kazi kwa moyo mkunjufu zaidi.

Tuchukue mfano wa gazeti lililoganda mezani kwa sababu ya sufuria ya moto. Hapo pengine hapana gundi kabisa: joto liliilainisha vanishi, nayo ilipopoa ikaishika karatasi. Maji hayasaidii sana, na kisu huichimba meza. Mimina mafuta ya kupikia, kiasi cha kijiko, uyatandaze kwa kidole, kisha uyaache robo ya saa au zaidi. Karatasi itanywa mafuta hata iangaze, na maandishi ya upande wa chini yajitokeze kinyumenyume. Hapo ndipo itakapokubali kusokotwa kwa kidole gumba na kutoka vipandevipande vyembamba. Panapogoma ongeza mafuta, usiongeze nguvu. Mwisho futa kwa kitambaa kilichotiwa maji ya sabuni na kukamuliwa barabara, kisha ukaushe papo hapo.

Kwa vibandiko, joto hutangulia. Katika mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi inapoifanya gundi kuwa ngumu, kibandiko hukatika kila kinapovutwa. Ilhali kikipashwa moto kwa mashine ya kukaushia nywele, au kikiachwa juani kitambo, huinuka chote kwa kusukumwa na ukingo wa kadi ya plastiki isiyotumika tena. Mabaki ya mnato hufutwa kwa mafuta ya kupikia, na yakikaidi, kwa mafuta ya taa kidogo juu ya kitambaa.

Mbao zisizopakwa kitu zina sharia yake. Mafuta huzama ndani yake na kuacha doa, kwa hiyo tumia joto na kitambaa kibichi tu, ungoje zikauke, kisha upitishe msasa laini kwa kufuata nyuzi za mbao, wala usiupitishe juu ya gundi mbichi, kwani utajaa na kuharibika. Fauka ya hayo, hadhari na makabati ya siku hizi ambayo uso wake ni ubao mwembamba, mara nyingi usiofika unene wa milimita 1, uliobandikwa juu ya mbao za vumbi lililoshindiliwa: msasa hutoboa uso huo kwa dakika chache, na maji yakiingia ukingoni bao huvimba lisirudi tena.

Kazi hii ndogo ina hatari zake. Mafuta ya taa na tina yasikaribishwe jikoni wala penye sigara. Tina itumiwe madirisha yakiwa wazi. Na dawa hizi zisitiwe kamwe katika chupa za soda, kwa kuwa watoto wengi wamedhurika kwa kunywa mafuta ya taa wakidhani ni kinywaji. Kadhalika, ukimalizia kwa kuipaka mbao mafuta ya kitani, matambara yaliyotumika yasirundikwe pamoja, maana hupata joto yenyewe hata yakashika moto. Yatandazwe nje yakauke.

Mwezi wa Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na amri hiyo ilidumu miaka kadhaa; tangu hapo kila mwenye duka la samani amejua kwamba bao zuri halipatikani kwa kutaka tu. Madhali ni hivyo, msomaji unayeikuta meza ya mvule imefunikwa magazeti na gundi, usiidharau wala usiiparamie kwa patasi. Ipe mafuta na robo ya saa ya subira kabla hujaamua kwamba imeharibika, maana meza nyingi zilizotupwa kwa sababu ya karatasi zilikuwa nzima.