Bustani ya Nyumbani (3): Kitunguu Hujengwa na Majani

Wiki iliyopita tuliiacha miche kitaluni. Ikifikisha wiki sita hadi nane, shina likiwa na unene wa penseli, ihamishie kwenye tuta. Acha sentimita 10 kati ya mche na mche, 20 kati ya mistari, wala usiipandishie udongo kama tufanyavyo kwa viazi. Kitunguu hutaka kunenepa juu ya ardhi.

Sasa kata kitunguu kimoja katikati ukitazame. Takriban kila tabaka unaloliona lilikuwa kitako cha jani. Majani yakiwa machache, kitunguu hudumaa. Ndiyo maana samadi iliyooza vizuri, maji na palizi vinahitajika mapema, mmea ungali unatoa majani. Mizizi yake ni mifupi, na majani yake membamba hayawezi kuyatia magugu kivuli. Palilia kwa mkono, tena usichoke. Mwezi wa kwanza ukipotea, mbolea ya baadaye haiurudishi.

Kinachokiamuru kitunguu kianze kujaa, zaidi ya joto, ni urefu wa mchana. Aina za kaskazini mwa Ulaya husubiri mchana wa saa 14 hadi 16. Kwetu mchana haufiki hata saa 13, kwa hiyo pakiti ya mbegu uliyoletewa zawadi kutoka Uingereza itakupa majani matupu. Tafuta Red Creole, Bombay Red au Mang'ola Red, inayobeba jina la Mang'ola, kule bonde la Ziwa Eyasi wilayani Karatu. Soma na tarehe ya pakiti, kwani mbegu ya kitunguu huzeeka upesi, hasa kwenye joto la pwani.

Vitunguu vikishaanza kujaa, weka urea kando. Naitrojeni iliyochelewa hunenepesha shingo, shingo nene haikauki, na uozo hupitia hapo hapo. Majani yakianza kulala yenyewe, acha kumwagilia. Wapo wanaoyakanyaga ili yalale haraka. Naomba tuache jambo hilo, linakijeruhi kitunguu. Ng'oa, anika kivulini penye upepo kwa wiki moja au mbili mpaka shingo ikauke kabisa, kisha kata majani ukibakiza sentimita 2 au 3. Vyenye shingo nene na vilivyotoa maua vitangulie jikoni, havikai.

Wiki ijayo: thripsi, wadudu wanaojificha katikati ya majani machanga, na namna ya kuwagundua mapema.