Uvimbe, Uvamizi na Usambaaji: Istilahi za Saratani katika Kiswahili

Jina saratani limetoka katika Kiarabu, ambamo lina maana ya kaa. Kansa nalo, lililopitia Kiingereza, asili yake ni neno la Kilatini lenye maana iyo hiyo. Majina yote mawili yanachora ugonjwa unaoshika na kung'ang'ania. Hayaelezi jinsi unavyosafiri.

Upungufu huu si wa kamusi tu. Mkazi wa Skuta, mjini Nyeri, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kigikuyu, huweza kuelezwa kwa Kiswahili kwamba ana "uvimbe" nao "umeenea". Neno la kwanza hujumuisha saratani na hata jipu. La pili huchanganya hali mbili: kuingilia tishu jirani na kufika viungo vya mbali. Hali ya kwanza pengine hutibika kwa upasuaji. Ya pili kwa kawaida huhitaji dawa zinazozunguka mwilini mote.

Utaratibu wenyewe ni huu. Juu ya utando wa seli mna protini ziitwazo vipokezi. Kipokezi kikinasa ishara ya ukuaji, hupeleka habari ndani. Kisha utando hubonyea na kukimeza ndani ya kifuko. Hapo hufanyika uchambuzi, mithili ya ule wa kiwanda cha kahawa cha Nyeri, ambako matunda mabivu hutengwa na yaliyoharibika. Vipokezi vingine hupelekwa kwenye laisosomu vikavunjwa, na ishara huzimika. Vingine hurudishwa kwenye utando, na ishara huendelea. Uchunguzi wa usafirishaji wa vifuko uliwapatia James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof Tuzo ya Nobel mwaka 2013.

Katika saratani nyingi mizani hii hupotoka. Baadhi ya mabadiliko ya protini p53 huzidisha urudishaji wa vipokezi pamoja na integrini, ambazo huishikiza seli kwenye mazingira yake. Vifuko vingine hupeleka ukingoni vimeng'enya vinavyomeng'enya tishu iliyo mbele. Hivyo seli hupata amri, mshiko na njia.

Kwa hiyo "kuenea", kama maji yaliyomwagika, hakutoshi. Yafaa "uvamizi" utajwe kwa tishu jirani, "usambaaji" kwa viungo vya mbali, na "uvimbe" usitajwe kamwe bila kubainishwa kama ni wa saratani au sivyo.