Chuo Kikuu cha Umma Marekani: Nani Mwenyeji, Nani Mgeni?

Kila mwaka, mtihani wa mwisho unapokaribia, wanafunzi wa vidato vya juu huanza kuulizana habari za vyuo vikuu vya ng'ambo. Wengi hutaja vyuo vikuu vikubwa vya umma vya Marekani, na husikika mtu akisema, "Kile ni chuo cha serikali, kwa hiyo ada yake haiwezi kuwa kubwa." Maneno hayo ni kweli kwa mtu mmoja, wala si kweli kwa mwingine. Katika makala haya tutaeleza kwa nini, ili mwanafunzi anayeifikiria safari hiyo, pamoja na mzazi wake, wajue wanaingia katika jambo gani.

Kwanza yatupasa kujua chuo hicho ni mali ya nani. Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, bunge lake na kodi zake. Vyuo vikuu vya umma, isipokuwa vichache kama vile vya kijeshi, si vya serikali kuu iliyoko Washington bali ni vya majimbo. Chuo Kikuu cha North Carolina kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1795. Kile cha Michigan kilianzishwa Detroit mwaka 1817, kikahamia mji wa Ann Arbor mwaka 1837. Halafu mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iitwayo ya Morrill. Sheria hiyo ililipa kila jimbo eka 30,000 za ardhi kwa kila mjumbe wake katika mabaraza mawili ya bunge la nchi, ili ardhi iuzwe na fedha zake ziendeshe vyuo vya kufundisha kilimo, ufundi na elimu nyingine. Ardhi hiyo ilikuwa imetwaliwa kutoka kwa wenyeji wa asili wa nchi ile, nao hawakuonja matunda yake.

Tangu zamani, basi, chuo cha jimbo kimehesabiwa kuwa cha watu wa jimbo hilo. Wao ndio walipa kodi, na sehemu ya kodi zao hupelekwa chuoni. Kwa hiyo watoto wao hutozwa ada iliyopunguzwa. Anayetoka jimbo jingine hutozwa ada kubwa zaidi, kwa kuwa wazazi wake hawakuchangia. Kijana wa Ohio akivuka mpaka kwenda kusoma Michigan huitwa mgeni, ijapokuwa ni raia wa nchi ile ile. Seuze kijana atokaye Tabora au Kisumu!

Sasa tutazame hesabu. Katika mwaka wa masomo wa 2023-24, mwenyeji wa Michigan aliyeanza shahada ya kwanza Ann Arbor alitozwa ada ya chini ya dola 20,000. Mgeni alitozwa zaidi ya dola 55,000 kwa masomo yale yale, darasa lile lile, mwalimu yule yule. Ukiongeza chumba, chakula, vitabu na mahitaji mengine, gharama ya mgeni ilizidi dola 70,000 kwa mwaka. Shahada ya kwanza huchukua miaka minne. Zidisha mwenyewe, utaona imepita dola 280,000, nayo ada aghalabu hupanda kila mwaka. Katika Chuo Kikuu cha California wameyaeleza mambo waziwazi zaidi: wote hulipa ada ya kawaida, kisha mgeni huongezewa ada ya ugeni. Kwa walioingia mwaka 2024-25, nyongeza hiyo peke yake ilikuwa dola 34,200.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa chuo ni cha wenyeji, mbona wageni wanakaribishwa? Jibu limo katika methali yetu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Fedha ambazo majimbo huvipa vyuo zilipungua sana baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008, na vyuo vingi vikaziba pengo kwa ada za wageni. Huko Ann Arbor wageni wamefikia kiasi cha nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Lakini si kila jimbo lililofungua mlango hivyo. Mwaka 1986 North Carolina iliweka kikomo kwamba wageni wasizidi asilimia 18 ya wanafunzi wapya. Huko Texas, sheria yataka asilimia 90 ya nafasi za wanafunzi wapya katika chuo kikuu cha Austin ziwe za wenyeji. Kwa hiyo mahali pengine mgeni hupanda ngazi mbili: mlango wake ni mwembamba zaidi, na ada yake ni kubwa zaidi.

Je, mgeni aweza kugeuka mwenyeji? Kwa raia wa Marekani yawezekana, ingawa si rahisi. Majimbo mengi yataka mtu awe amekaa humo kwa muda wa miezi 12, tena aonyeshe kwamba alihamia kwa nia ya kufanya maskani na si kwa ajili ya masomo tu. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Vlandis na Kline iliyotoka Connecticut, iliamua kwamba jimbo lisimhesabu mwanafunzi kuwa mgeni daima bila ya kumpa nafasi ya kuthibitisha kwamba amekuwa mwenyeji. Haikuamua kwamba ada mbili ni haramu. Kadhalika yako mapatano baina ya majimbo. Majimbo ya magharibi yana mpango ambao mwanafunzi wa jimbo moja akienda chuo cha jimbo jingine kilichomo katika mpango huo hulipa ada isiyozidi mara moja na nusu ya ile ya wenyeji. Minnesota nayo ina mapatano na jirani zake, kama Wisconsin.

Mambo hayo yawafaa ndugu zetu waliohamia huko na watoto wao. Mwanafunzi aendaye kutoka huku kwa viza ya masomo hayamfai. Viza hiyo yenyewe hutolewa kwa mtu aliyeahidi kwamba amekwenda kusoma kisha atarudi kwao; basi kwa kawaida hawezi kudai kwamba amefanya maskani. Hata ukiwa na mjomba Houston aliyekaa huko miaka ishirini na kulipa kodi zote, kulala nyumbani kwake kutakupunguzia kodi ya chumba, lakini hakutakufanya kuwa mwenyeji wa Texas.

Yafaa pia kujua mgeni hununua nini kwa fedha hizo nyingi. Hapana ubishi kwamba vyuo hivi vina mambo makubwa: maktaba zenye mamilioni ya vitabu, maabara za kila namna, na wataalamu wanaojulikana duniani kote. Profesa Ali Mazrui wa Mombasa alifundisha Michigan tangu mwaka 1974 mpaka 1991, na Ngugi wa Thiong'o alifundisha katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Lakini ukubwa una upande wake wa pili. Chuo cha Austin kina wanafunzi zaidi ya 50,000, na kile cha Ohio State mjini Columbus zaidi ya 60,000. Katika mwaka wa kwanza huenda ukaketi katika ukumbi wa watu mia tatu, na kazi zako zikasahihishwa na mwanafunzi wa shahada ya juu. Tena kukubaliwa chuoni si lazima iwe kukubaliwa katika somo ulitakalo. Uhandisi, uuguzi na elimu ya kompyuta mara nyingi zina mlango wao wenyewe, na aliyekosa kuupita tangu mwanzo aweza kukuta umefungwa.

Twafika sasa kwenye jambo lenye kuumiza watu zaidi ya yote. Barua ya kukubaliwa si barua ya kulipiwa. Misaada na mikopo ya masomo ya serikali kuu ya Marekani ni kwa raia na wakaazi wa kudumu, na misaada ya jimbo ni kwa wenyeji wa jimbo. Ili kupata viza, mwanafunzi hutakiwa kuonyesha fedha za mwaka wa kwanza. Hapo ndipo wazazi huuza shamba au ng'ombe, wakitumaini kwamba mtoto akishafika atafanya kazi na kujilipia miaka iliyosalia. Tupige hesabu ya tumaini hilo. Wakati wa masomo mwenye viza hiyo huruhusiwa kufanya kazi chuoni saa 20 tu kwa wiki. Tuseme analipwa dola 12 kwa saa. Kwa wiki ni dola 240, na kwa wiki 30 za masomo ni dola 7,200. Mbele ya dola 70,000, hiyo ni kama sehemu moja katika kumi. Asiyelipa ada huzuiwa kujiandikisha kwa masomo, na asiyejiandikisha hupoteza haki ya kukaa nchini humo. Shamba limekwenda, na shahada haikupatikana.

Je, mlango umefungwa kabisa? La. Historia yatuonyesha kwamba watu wetu wamepita. Mwaka 1959, Barack Obama, baba yake aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alitoka Kenya akaingia Chuo Kikuu cha Hawaii, akiwa mwanafunzi wa kwanza wa Kiafrika pale. Lakini kabla yake na baada yake, waliofanikiwa ni wale waliojua fedha zitatoka wapi. Njia ziko tatu.

Njia ya kwanza ni kutafuta chuo cha umma kinachompa mgeni punguzo kwa ajili ya alama zake. Vyuo vingine hufanya hivyo ili kuvuta wanafunzi hodari. Chuo Kikuu cha Alabama chajulikana sana kwa desturi hiyo.

Njia ya pili huwashangaza wengi, nayo ni vyuo vya watu binafsi. Vichache vyenye utajiri mkubwa, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, humpokea mwanafunzi wa nchi yoyote bila ya kujali uwezo wake wa kulipa, kisha humsaidia kadiri ya uhitaji wake. Ada iliyotangazwa ni kubwa kuliko ya chuo cha umma, lakini mtoto wa mkulima aliyekubaliwa huenda asiitoe. Ugumu wake ni kukubaliwa, maana wanaoomba ni wengi mno.

Njia ya tatu ni subira. Chuo kile kile cha umma kinachomtoza mgeni wa shahada ya kwanza fedha nyingi, mara nyingi humsamehe ada mgeni wa shahada ya udaktari, na kumpa posho juu yake, kwa malipo ya kazi ya kufundisha au ya utafiti. Dakta Julius Kiano, aliyekuja kuwa waziri katika Kenya huru, alipata shahada yake ya udaktari katika chuo cha umma cha Berkeley, California, mwaka 1956. Basi mwanafunzi aliyesoma vizuri Dar es Salaam, Nairobi au Makerere hakuupoteza mlango wa Marekani. Pengine ameuendea kwa upande ambao wenyeji wenyewe ndio hulipa.

Ndugu mwanafunzi, kabla hujatuma maombi, kiandikie chuo ukiulize maneno haya manne. Ada ya mgeni na gharama zote kwa mwaka ni kiasi gani? Msaada gani hupewa asiye raia, nao hudumu miaka minne au mmoja tu? Nikikubaliwa chuoni, nimekubaliwa pia katika somo langu? Na ada ya wageni imepanda kiasi gani katika miaka iliyopita? Kuhusu viza, uliza ubalozi wa Marekani mapema, kwa maana masharti hubadilika. Mwaka 2025 serikali ile ilisimamisha viza za masomo kwa raia wa nchi kadhaa, mojawapo ikiwa jirani yetu Burundi. Majibu yakija, yasomeni pamoja na wazee nyumbani, na kalamu mkononi, kabla ya mtu yeyote kutafuta mnunuzi wa shamba.