Ganda la pijeumu: tusimalize miti mama



Pijeumu (Prunus africana) ni mti wa milima yetu ya Ituri na Kivu ya Kaskazini. Ganda lake linauzwa Ulaya, wanatengeneza nalo dawa ya prostati. Lakini mti huu hauna haraka: unangoja karibu miaka 15 mbele ya kuzaa mbegu.

Tuseme mlima una miti mama 40, na kila mwaka 4 inakufa juu ya kuchunwa ganda pande zote. Kisha miaka 10, yote imekwisha. Mche ulioota leo utakuwa na miaka 10 tu, haujazaa bado. Ni kama mfugaji aliyechinja ng'ombe majike wote, akabaki na ndama.

Basi tufanye hivi:

- Usichune mti wenye upana chini ya sentimeta 30.
- Chuna robo mbili zinazotazamana, zingine uache. Usiangushe mti.
- Usirudi mpaka ganda limeota tena vizuri.
- Panda mbegu zikiwa bichi kwenye pepinyere, zikikaa zinakufa.

Tangu 1995, biashara yake ya inchi za nje inaombwa kibali cha CITES. Mkiuza, muulize mnunuzi akionyeshe.