Jibini: Jina Linaloeleza Kazi

Hapa Lizaboni, mjini Songea, maziwa yakiachwa siku moja bila jokofu huganda yenyewe. Bakteria hula laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kutoa asidi ya laktiki. Huo ni mtindi, bado si jibini. Tofauti yake imo ndani ya majina.

Jibini limetoka Kiarabu, jubn. Mzizi huohuo una kitenzi tajabbana, yaani maziwa kuganda. Chizi, tunalolisikia zaidi madukani, limetoka Kiingereza, lakini chimbuko lake ni neno la Kilatini caseus. Humo ndimo zilimotoka pia Käse ya Kijerumani, queijo ya Kireno, na kasini, protini kuu ya maziwa. Wafaransa husema fromage, kutoka forma, maana yake kalibu. Jina hilo limefika hadi mashariki mwa Kongo, ambako jibini la milima ya Masisi huuzwa Goma.

Yaunganishe majina hayo, utapata kazi nzima. Kwanza ni kasini. Mtengenezaji hupasha maziwa hadi nyuzi joto 32 hivi, huweka bakteria wa kuyachachusha, kisha hutia renneti. Renneti ya asili hutoka katika tumbo la nne la ndama anayenyonya, na ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho kimozini. Kimozini hukata sehemu ya kasini inayozuia chembe zake zisishikane. Zikishashikana, maziwa huganda: hiyo ndiyo jubn. Bonge hilo hukatwa vipande ili maji yatoke, kisha hutiwa kalibuni na kukandamizwa: hiyo ndiyo forma. Kwa jibini gumu, lita 10 za maziwa ya ng'ombe hutoa takriban kilo 1. Mtindi hubaki na maji yake. Jibini huyapoteza, ndiyo maana hudumu muda mrefu zaidi.

Mfugaji wa Songea anayefikiria kazi hii aanze na usafi. Maziwa mabichi yaweza kubeba vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya ugonjwa wa kutupa mimba. Yapashe kwanza hadi nyuzi joto 63 kwa dakika 30, yapoze, ndipo utie renneti. Jibini zuri huanzia kwenye ndoo safi.